Kona Iliyofichwa Chini ya Kilima

Nakumbuka Jumapili moja alasiri kule Spring Valley, mwanangu. Nilikuwa nimesimama sebuleni mwa watu na gauni langu la kanisani, nakodolea macho kilima kidogo nilichokijenga kwa mikono yangu mwenyewe, na moyoni namwomba Mungu treni itokee upande wa pili. Haikutokea. Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya fundi, na nakusimulia leo kwa sababu nimeona kwamba wewe pia umeanza kujenga reli ya mfano juu ya meza. Utafika pale nilipofika mimi. Sijaona fundi ambaye hakufika.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nyumbani ni Mutuini, wakati ule mashamba yakiwa bado makubwa na nyumba za kupangisha zikihesabika kwa vidole. Baba yangu alikuwa seremala, na kwake ndiko nilikojifunza kushika msumeno kabla sijajua kushika mwiko vizuri, jambo ambalo mama hakulifurahia. Nilipomaliza shule nikaandikwa kazi katika karakana moja Westlands, nyuma ya duka la makochi. Tulikuwa tunatengeneza mifano ya majengo. Msanifu analeta michoro, sisi tunaijenga nyumba yake kwa kadibodi na plaiwudi, ndogo ya kukaa juu ya meza, ili mwenye nyumba aione kabla hata msingi haujachimbwa.

Mwenye karakana alikuwa Bwana Mutiso, mtu mrefu, mpole wa sauti, asiyependa kelele wala kazi inayochelewa. Mafundi tulikuwa wawili. Mimi nilifanya kila kinachoonekana: kuta, madirisha, miti, nyasi, rangi. Ouma alifanya visivyoonekana: nyaya, taa, swichi. Ouma alikuwa ametoka Siaya, akipanga chumba Kawangware, na alikuwa na mkono mtulivu sana. Angeweza kulehemu waya mwembamba kama unywele huku anapiga stori. Alinicheka kila siku kwa sababu neno “reli” mdomoni mwangu lilitoka “reri.” Nami nilimcheka kwa viatu vyake, ambavyo alivipaka rangi kila asubuhi kana kwamba anaenda bungeni. Chakula cha mchana tulikula sahani moja. Nataka ulijue hilo mapema, ili uelewe nilichomfanyia.

Siku moja akaja mama mmoja, daktari, jina lake Muthoni. Alikuwa akiishi Spring Valley na baba yake mzee, Mzee Kamau. Mzee huyo alikuwa ametumikia reli maisha yake yote, kwenye genge la wale watu wanaotembea kwa miguu kando ya njia, kukaza nati na kubadilisha mataruma, zile mbao zinazobeba reli, yaliyooza. Kipande chake kilikuwa kile cha kupanda kutoka Dagoretti kuelekea Kikuyu na Limuru. Kisha kiharusi kikamshika, miguu ikakataa, na sasa alikaa kwenye kiti cha magurudumu akizungumzia njia ile asubuhi na jioni.

“Siwezi kumpeleka kule kila anapotaka,” Daktari alimwambia Bwana Mutiso. “Lakini mnaweza kumletea.”

Kaka yake aliyekuwa ng’ambo alikuwa ametuma masanduku ya vipande vya reli, injini moja na mabehewa sita. Kilichokosekana ni mtu wa kuvijenga. Bwana Mutiso hakuwahi kutengeneza treni, lakini hakuwa mtu wa kukataa kazi. Akatutazama mimi na Ouma, sisi tukatazamana, tukasema tunaweza.

Mwanangu, sijui kama nimewahi kufurahia kazi kama ile. Meza ilikuwa na upana wa vitanda viwili vilivyosogezwa pamoja. Nilienda mwenyewe kwa miguu kutazama stesheni ya Dagoretti, nikachora paa, nikahesabu madirisha, nikaandika rangi ya milango ilivyochujuka na mvua. Nikachukua udongo mwekundu wa kwetu Mutuini, nikaukausha juani na kuuchekecha kwa kichujio cha chai cha mama, na kelele alizopiga siku hiyo zilifika kwa jirani. Majani ya chai ya Limuru nikayafanya kwa maranda niliyotia rangi ya kijani nikayabandika kwenye sponji, mistari kwa mistari. Mikaratusi niliisokota kwa nyuzi za shaba nilizoomba kwa Ouma. Kokoto za kati ya mataruma zilikuwa mchanga niliouchagua punje kwa punje. Pale stesheni nikaweka mama anayeuza karoti, urefu wake hauzidi ukucha wa kidole gumba, na karoti zake ukiinama unaziona.

Watu wa maofisi ya jirani wakawa wanapita saa ya chakula kuja kutazama tu. “Wairimu, we ni moto!” wananiambia. Na mimi nikaamini.

Mzee Kamau aliletwa kuiona mara moja kabla haijaisha. Nilimwita Guka, kama tunavyowaita kwetu wazee wa umri wa babu zetu. Daktari alisukuma kiti chake hadi mezani. Nikaanza kumwonyesha stesheni, chai, mama wa karoti. Alitabasamu kwa kila kitu. Halafu akauliza, “Na reli umelaza namna gani?”

“Iko sawa, Guka. Angalia huyu mama wa karoti, hata leso nimemfunga.”

“Nimemwona. Ni mzuri. Reli je? Umepitisha kidole kila mahali pa kuungia?”

“Iko sawa,” nikarudia, na nikamgeukia Daktari kumweleza kuhusu rangi ya anga.

Haikuwa sawa, na nilikuwa najua.

Acha nikueleze ilivyo, kwa maana wewe unaijua kazi. Treni ya mezani haiwezi kwenda moja kwa moja milele, lazima izunguke irudi. Kwa hiyo upande wa nyuma niliweka kona, na juu ya kona nikapanga kujenga kilima cha kuificha, treni iingie upande mmoja na kutokea mwingine kama inatoka safari ndefu. Vipande vya reli huunganishwa kwa kijibati chembamba ambacho kila chuma lazima kiingie ndani yake. Katikati ya ile kona, chuma kimoja hakikuingia. Kilipanda juu ya kijibati, kikasimama juu kuliko mwenzake kwa unene wa karatasi mbili hivi. Niligundua nilipopitisha injini peke yake. Ilipofika pale ikaruka kidogo. Tak. Lakini ikapita.

Kurekebisha kulihitaji kung’oa kipande, kukisukuma upya na kukigundisha tena. Kazi ya dakika kumi. Lakini nilikuwa tayari nimechanganya plasta ya kilima ndani ya ndoo na ilikuwa inaanza kushika. Na kusema kweli, kilima ndicho nilichokuwa nakiota. Nikajiambia, pale hapatazamwi na mtu. Injini imepita, itaendelea kupita. Nikabandika ile sponji ngumu nyeupe wanayofungia televisheni, nikaichonga, nikaifunika matambara na plasta, nikapaka rangi, nikaotesha msitu mzima juu yake. Kilichukua wiki tatu. Kilikuwa kilima kizuri kuliko vyote nilivyowahi kujenga, na sikuacha hata tundu la kuingiza mkono. Tulipoijaribu njia kwa injini peke yake ilipita, mabehewa hatukuyafunga.

Sasa turudi kwenye ile Jumapili.

Meza tulikuwa tumeipeleka kwa Daktari, naye alikuwa amealika jamaa, mchungaji, na wazee wanne waliowahi kufanya kazi na baba yake. Wengine walitoka mbali, wamevaa makoti yao mazito. Mchungaji akaomba, akashukuru kwa uhai wa Mzee. Bwana Mutiso alikuwa amevaa tai. Ouma, viatu vyake vikimeta, akawasha mtambo. Injini ikaondoka stesheni taratibu ikivuta mabehewa sita, ikampita mama wa karoti, ikapanda kati ya mashamba ya chai. Mmoja wa wale wazee akaanza kutaja majina ya mahali inapopita, mwingine akamsahihisha, wakacheka. Guka alikuwa ameweka mkono mmoja kwenye ukingo wa meza.

Ikaingia chini ya kilima. Tukasikia tak, kisha mlio kama wa kijiko kikianguka sakafuni, kisha kimya.

Tukangoja. Mtoto mmoja akauliza, “Imeenda wapi?” Mtu akacheka, akaacha. Nikamwona Guka akiondoa mkono wake mezani na kuuweka mapajani.

Bwana Mutiso alitugeukia. “Ni nini?”

Mwanangu, nilikuwa na nafasi. Swali lilikuwa letu sote wawili na Ouma hakujua jibu. Mimi nililijua. Nikafungua mdomo na nikajisikia nikisema, “Labda ni nyaya.”

Ouma alinitazama, si kwa hasira, bali kwa mshangao wa mtu anayejiuliza kama ni kweli amekosea. Akavua koti, akaingia chini ya meza na hiyo suruali yake ya kanisani. Akakagua waya mmoja mmoja huku wageni wanakunywa chai na kuzungumza kwa sauti za chini. Alitoka baada ya nusu saa jasho likimtiririka. “Sioni kitu,” akasema. “Stima iko.” Na kwa kuwa haoni kitu, wote waliona ni yeye asiyejua kazi yake. Kilima kilikuwa kimegundishwa mezani, hakuna aliyethubutu kukigusa.

Pale nje kwenye gari Bwana Mutiso hakupaza sauti. Alisema tu, “Ouma, kesho usije.” Ouma aliniangalia tena. Nilijifanya natafuta kitu mkobani.

Jumatatu nilitumwa peke yangu kuona kama naweza kuokoa kazi. Daktari alikuwa hospitalini kwake, na msichana wa nyumbani akanifungulia. Nilikuwa nimepanga kila kitu: nitatoboa tundu dogo upande wa ukutani, niingize vidole, nikandamize kile chuma, niseme waya ulikuwa umelegea. Guka alikuwa amekaa mezani tayari, kana kwamba alikuwa ananingoja.

“Weka zana chini,” akasema, akiitazama keekee yangu ya kutobolea. “Chukua behewa moja kati ya haya yaliyovutwa nje jana. Lisukume kwa kidole, polepole. Usiongee.”

Nikalisukuma. Kila lilipovuka mahali pa kuungia alitikisa kichwa kidogo, anasikiliza. Nilipofika kwenye kilima akasema nilipe msukumo kidogo, behewa liingie lenyewe. Likaingia. Tak. Likaanguka.

“Si nyaya,” akasema.

“Sio, Guka.”

“Ulijua kabla ya kufunika?”

Nilitaka kudanganya, lakini jibu lilikuwa limeshaandikwa usoni mwangu. “Nilijua.”

Nikadhani atanifukuza. Aliposema, alisema taratibu, kwa sababu kiharusi kilikuwa kimemwacha na ulimi mzito, na ilibidi kila neno alichague.

“Mimi nimetembea njia ile miaka mingi, mvua na jua, na nyundo na spana. Abiria walikuwa wanampungia dereva mkono. Mimi hakuna aliyenipungia, na sikutaka. Nilichotaka ni wapite bila kujua kwamba nipo. Wewe umejenga vizuri, Wairimu. Stesheni yako imenitoa machozi, na mimi si mwepesi wa kulia. Lakini ulitaka kupungiwa mkono.”

Nikainamisha kichwa.

“Hilo halinisumbui sana,” akaendelea. “Reli mbovu ni kazi ya dakika kumi. Yule kijana mwenye viatu vinavyong’aa yuko wapi?”

Nikamwambia.

“Basi hapo ndipo palipovunjika,” akasema. “Na hapo hutatoboa tundu.”

Nililia, mwanangu. Sikujificha. Hakunibembeleza, na namshukuru kwa hilo. Alipoona nimemaliza akaita msichana wa nyumbani, akamwambia alete kisu cha mkate kile cha meno. Nikakata kilima changu. Nilianza kwenye msitu, nikashuka mpaka kwenye mwamba niliouchora mistari kwa sindano, plasta ikawa inabomoka na kuangukia mashamba ya chai. Wiki tatu zilianguka kwa saa moja. Injini ilikuwa imelala ubavu kando ya reli, pale pale nilipojua italala. Guka alisogeza kiti chake, akapitisha kidole kwenye kile chuma kilichopanda, akanishika mkono na kupitisha kidole changu juu yake.

“Jikumbushe,” akasema.

Kutoka pale nilienda moja kwa moja karakana, kabla woga haujanirudia. Bwana Mutiso alikuwa anakunywa chai. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, tangu ndoo ya plasta hadi kule kutafuta kitu mkobani. Akaweka kikombe chini.

“Uliniacha nimfukuze,” akasema. “Ulikuwa umesimama pale.”

“Ndiyo.”

“Kamlete. Ukishamleta, wewe nenda nyumbani. Sitaki kukuona hapa.”

Nilimkuta Ouma Kawangware, kwenye kibanda cha rafiki yake wa kutengeneza redio, ameinama na pasi ya kulehemu. Hakuinua macho.

“Ouma, nimekuja kuomba msamaha. Haikuwa nyaya. Ilikuwa reli, na nilikuwa najua.”

“Najua ulikuwa unajua,” akasema. “Nilirudi hapa nikafikiria usiku mzima. Nikasema, hizo nyaya nilizicheki mara tatu. Halafu nikakumbuka vile ulikataa kuniangalia kwa gari.”

“Nimemwambia Bwana Mutiso. Anataka urudi.”

“Na wale watu wote? Pastor, na wale wazee? Wao wanajua mimi ndiye bure kabisa. Utawaambia?”

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimedhani nikimwambia mmoja nimemaliza.

“Unaona,” akasema. “We rudi tu. Kazi nitarudi, juu ya mama yangu nyumbani, ananitegemea. Lakini usidhani tumemalizana.”

Nikarudi Mutuini bila kazi. Baba hakuniuliza sana. Mama aliuliza mpaka akajua, na alipojua hakuniongelesha siku mbili. Ilikuwa miezi migumu, lakini sikukaa bure, maana Jumamosi ya kwanza Daktari alituma ujumbe kwamba baba yake anauliza fundi wake yuko wapi. Nikaenda. Kila Jumamosi asubuhi nikawa naenda, na Guka akanifundisha kulaza reli tangu mwanzo, kana kwamba sijawahi kuishika. Alinifanya ning’oe njia yote. Alinifundisha kulaza shavu mezani na kutazama chuma kwa jicho moja, kama mtu anayetazama uzi. Alinifundisha kupitisha kidole nikiwa nimefumba macho, kwa sababu macho, alisema, yanapenda kuona yanachotaka. Kila kiungio nilikipima kwa kusukuma behewa jepesi kuliko yote, kwenda na kurudi, mara ishirini. Likiruka hata mara moja, tunang’oa. Kuna Jumamosi nzima tuliyoitumia kwenye kipande kisichozidi kiganja changu. Mimi nilichoka, yeye hakuchoka.

Nikajenga kilima tena. Sasa nilikijenga juu ya ubao wake wenyewe, kinakaa mezani kwa uzito wake tu. Ukitaka kuona kilicho chini, unakinyanyua kwa mikono miwili kama sufuria. Hakikuwa kizuri kama cha kwanza. Niseme ukweli, mwamba wa kile cha kwanza sijawahi kuupata tena.

Kilipokwisha nikamwomba Daktari jambo moja: awaalike tena watu wale wale. Akanitazama, akaelewa, akawaalika. Wazee watatu walikuja, wa nne alikuwa mgonjwa. Mchungaji alikuja. Bwana Mutiso alikuja akasimama karibu na mlango. Ouma alikuja mwisho na kukaa nyuma.

Kabla ya kuwasha mtambo nikasimama mbele yao. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, lakini niliiacha imekunjwa, nikasema tu. Nikasema treni iliyopotea siku ile ilipotea kwa sababu yangu. Nikasema nilijua reli ni mbovu nikaifunika, na nilipoulizwa nikamtwika mwenzangu, na kwamba nyaya za Ouma hazijaguswa tangu siku ile, ndizo zitakazoiendesha treni watakayoiona. Nikanyanyua kilima mbele yao, nikawaonyesha ile kona ikiwa wazi.

Mchungaji akakohoa. Kisha mmoja wa wale wazee wa reli akasema kwa Kikuyu maneno ambayo maana yake ni, “Haya, msichana, iache ipite tuione,” na nyumba nzima ikacheka, na mimi nikapumua.

Nilimwomba Ouma awashe. Alikaa kidogo, akainuka, akaja. Kilima kilikuwa bado pembeni, nikamwambia tuiache kona wazi kwa mzunguko wa kwanza. Treni ikaondoka stesheni, ikapanda, ikaingia kwenye kona, na magurudumu yote ya mabehewa sita yakavuka bila sauti. Ikarudi stesheni. Ikaenda tena. Ilizunguka mpaka chai ikapoa vikombeni, na wazee wakabishana tena juu ya majina ya mahali. Guka hakuitazama sana. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyeketi kwenye kiti cha dirishani akienda nyumbani.

Utaniuliza kama mimi na Ouma tulirudi kuwa marafiki. Siku ile alinipa mkono mlangoni, akasema, “Sasa hiyo umesema poa,” basi. Sahani moja hatukula tena, na sikumdai. Lakini nilipoanza karakana yangu mwenyewe Dagoretti, miaka miwili baadaye, mteja wangu wa kwanza wa treni alikuja akasema ametumwa na fundi mmoja wa stima. Nikauliza alimwambia nini. Akajibu, “Alisema nyaya nimpe yeye, lakini reli nisimpe mtu mwingine ila wewe.” Mwanangu, nimesifiwa na watu wakubwa tangu wakati huo. Minara mingi unayoiona Westlands leo niliishika kwanza ikiwa ya kadibodi. Sijapata sifa ninayoithamini kuliko ile.

Sasa nisikilize. Utakapokaa mezani kwako, hamu ya kupanda miti na kupaka rangi itakukimbiza. Mtu haonyeshi marafiki viungio vya reli, anawaonyesha stesheni. Usiende huko haraka. Laza njia kwanza, ipime ukiwa na behewa lako jepesi, na mahali moyo unapokuambia “itapita tu,” hapo simama ung’oe. Ukijenga kilima, kiwe cha kunyanyuka. Si kwamba utakosea makusudi, ni kwamba hakuna mikono isiyokosea, na fundi mzuri hujiachia njia ya kurudi kwenye kosa lake.

Lakini hayo ni ya mezani. La pili ni kubwa zaidi, na ndilo ninaloliombea usilipuuze. Siku utakapoulizwa mbele ya watu ni nini kimeharibika, na wewe unajua, sema. Aibu yake ni ya siku moja. Ukimwachia mwenzako, utaibeba mpaka uzeeni, kama ninavyoibeba mimi, ninayekusimulia leo na bado nikiona suruali ya kanisani ya Ouma ikiwa na vumbi la chini ya meza. Na kama tayari umeshamtwika mtu, usitoboe tundu dogo la kurekebishia kimya kimya. Nenda kwake mwenyewe. Halafu rudi kwa wale wale waliomwona akiaibika, uwaambie wao pia. Kusamehewa hakuko mikononi mwako, usikupange wala usikudai. Kusema kweli ndiko kuliko mikononi mwako, na ukisema, utaona jinsi mikono hiyo inavyotulia ukirudi kazini.

Sina shaka nawe. Kipande cha reli ulichoniletea juzi nilikitazama kwa jicho moja, shavu mezani, na kimenyooka. Mungu aibariki kazi ya vidole vyako, akupe subira ya kung’oa kinachohitaji kung’olewa na ujasiri wa kutaja lililo lako. Akupe wenzako wa kula nao sahani moja, na uwatunze. Na kila utakachokilaza, watu wapite juu yake salama, hata wasipolijua jina lako.